Mlango Ulioitwa Araba

Mimi ni mfamasia, na mfamasia hana ruhusa ya kuona kinyaa. Watu hukohoa dirishani kwangu, hunifunulia majipu, huniwekea mezani chupa za mkojo nisizoziomba, nami hutabasamu na kuuliza kama wamekwisha kula. Kinyaa cha kweli nilikipatia ghorofa ya pili ya hospitali yetu hapa Kumasi, katika chumba cha mikutano chenye kiyoyozi na vitambaa vya meza, mbele ya watu waliooga wakajipaka manukato. Nakisimulia kwa ajili ya Araba Eyiah, kwa sababu mwenyewe hakisimulii.

Araba ni Mfante wa Saltpond. Alikuja kwetu Waasante kwa ajili ya kazi, akapewa kitengo cha kompyuta, atunze kanzidata zote za hospitali: za wagonjwa, za maabara, za dawa. Ni mwanamke mwembamba, ana sauti nzito kuliko mwili wake, na saa ya chakula hufungua kenkey yake, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki wa kukaanga na pilipili nyeusi, korido nzima ikapiga chafya. Watu walimtania.

"We Mfante, utakula mpaka mtaji!"

"Afadhali mimi ninayekula," alikuwa anajibu, huku anavunja samaki. "Ninyi pesa mnalalia. Muulize mgongo wako."

Utani wa aina hiyo ni chumvi ya kazi, sina neno nao. Kilichonikera ni jina. Kwetu mtoto wa kike aliyezaliwa Jumanne ni Abena. Kwa Wafante ni Araba. Basi watu wa ofisi walimwita Abena mchana kutwa, akiwarekebisha wanacheka, wanasema ni kitu kilekile. "Kama ni kilekile," aliwaambia, "basi niiteni Araba, mtapungukiwa nini?" Kesho yake wanaanza tena. Maame Pokuaa wa masijala, aliyekuwa akiimba naye kwaya moja na kumalizia kenkey yake kila siku, naye alimwita Abena. Nilimwuliza kwa nini. Akasema ulimi umezoea.

Katika kitengo chao walikuwa na desturi iliyoanza kwa mzaha: kanzidata inayoanzishwa huitwa jina la siku, kama mtoto. Ya maabara ilizaliwa Ijumaa, ikawa Afua. Ya dawa Araba aliisimika mwenyewe siku ya Jumanne, na kwa kuwa ndiye mama, aliiita kwa lugha yake. Ikawa Araba. Jina hilo halikuwa pambo. Siku moja nilimwuliza kompyuta yangu ya dirishani inajuaje pa kwenda, akaniambia hivi:

"Dada Serwaa, seva ni kama nyumba yenye milango elfu na elfu, kila mlango una namba. Wanaita poti. Sasa nani atakumbuka namba? Kila mashine ina faili lake la majina. Jina huku, namba ya mlango kule. Kanzidata ikiamka, inatafuta jina lake kwenye faili la seva, inapata namba, inafungua mlango huo. Kompyuta yako nayo inatafuta jina lilelile kwenye faili lake, inapata namba ileile, inaenda kubisha."

"Kwa hiyo ni faili moja?"

"Wapi! Kila mashine na lake. Seva yetu ni ya Linux, faili liko mahali peupe, kwenye folda ya etc, linaitwa services. Ya kwako ni Windows. Faili ni hilohilo na jina hilohilo, ila wamelichimbia. Unaingia Windows, unaingia System32, unaingia drivers, ndani yake kuna etc nyingine. Kama mama anayeficha sukari."

Hayo ndiyo niliyoyaelewa, na yanatosha kwa hadithi hii.

Mkuu wa kitengo alipostaafu, Araba alikaimu nafasi yake. Akakaimu mpaka watu wakasahau kwamba anakaimu. Hatimaye kamati ya ajira ikatangaza kwamba itakaa Ijumaa kumthibitisha au kumpa kiti mtu mwingine. Mtu mwingine maana yake Desmond, kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa, mtoto wa dada wa mke wa Bwana Ofosuhene. Na Bwana Ofosuhene ndiye aliyekuwa ameletwa karibuni kuwa mkurugenzi wa utawala, bosi wa wote. Araba alimfundisha Desmond kazi tangu herufi ya kwanza. Akikosa kiti, atakaa chini ya mwanafunzi wake. Alijua hivyo, na sisi sote tulijua.

Wiki hiyo ilianza Araba akiwa hayupo. Alikuwa amekwenda kwao kwenye msiba, na ruhusa yake iliishia Jumatatu. Bwana Ofosuhene akaona ndiyo nafasi. Alikuwa ameingia chumba cha seva akakuta kibandiko chenye jina Araba, akauliza hapa ni Kumasi au Cape Coast ya Wafante. Akaagiza soda za malta kwa kreti na pai za nyama, akawaita wakuu wa idara, akasema leo tunamtoa mtoto nje na kumpa jina lake la haki. Mimi sikwenda, nilikuwa na foleni. Waliniletea pai yangu dirishani, na aliyeileta, Maame Pokuaa, alinisimulia yote huku anacheka mpaka anafuta machozi.

Kumbe Bwana Ofosuhene alidondosha malta juu ya seva kama tunavyomdondoshea mtoto mchanga ulimini siku ya kumpa jina, akasema yale maneno yetu: ukisema maji, yawe maji, ukisema pombe, iwe pombe. Maneno hayo humfundisha mtoto asiseme uongo maisha yake yote. Aliyasema kinywa kimejaa pai. Halafu akamwambia Desmond aketi kwenye kibodi, alifungue lile faili, alifute jina Araba na kuandika Abena. Desmond akaandika. Wakapiga makofi. Idara nzima nzima za hospitali, watu wenye shahada, wanapigia makofi mzee anayemwagia kompyuta malta. Sikuimaliza ile pai.

Araba aliporudi Jumanne alikuta kibandiko kipya, ABENA, kwa wino mwekundu. Akasikia habari za sherehe, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Wamebatiza bati," aliniambia. Hakuna aliyemwambia kwamba faili lenyewe limeguswa. Wala hakukuwa na cha kumshtua: kanzidata ilikuwa macho tangu zamani, mlango wake ulikwisha funguliwa, na aliyekwisha fungua mlango hatafuti tena jina. Kila kitu kilienda vizuri.

Jumatano umeme ukakatika. Dumsor, kama tuuitavyo mgao wetu wa umeme, haina adabu, haichagui hospitali, na siku hiyo jenereta nalo lilichelewa kushika. Seva ikazimika. Jenereta liliponguruma, Araba akaiwasha kama alivyokuwa akiiwasha siku zote, akanipigia simu: "Dada, jaribu." Nikajaribu. Skrini ikaniambia haiwezi kuunganishwa. Nikajaribu dirisha la pili. Vilevile. Foleni ilikuwa imefika kwenye mlango wa mapokezi, mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti, mzee wa kisukari akakaa sakafuni. Tukaanza kutafuta vyeti vya karatasi, na mwenye cheti kilichopotea akaambiwa asubiri.

Bwana Ofosuhene akateremka. Akamkuta Araba ameinamia seva.

"Abena, umeifanyia nini kanzidata yetu?"

"Nimeiwasha tu, bosi."

"Umeiwasha au umeiua?"

"Iko hai." Akamwonyesha palepale kwenye skrini ya seva, akaiuliza swali, ikajibu. "Ya humu ndani inasikia. Wa nje ndio hawasikiki."

"Kama iko hai, basi wagonjwa kwa nini wamelala chini? Hujui kazi, sema hujui kazi!"

Aliyasema hayo mbele ya manesi. Kisha akampeleka Desmond kwenye kompyuta zetu aandike jina Abena kote, eti huenda mashine hazijasikia habari njema. Desmond alikaa kwenye kiti changu akaandika, akahifadhi, akajaribu, wapi. Akaenda dirisha la pili, wapi. Jasho likamtoka. Araba alipokuja kuchungulia begani kwake, akaguna.

"Desi, angalia ulichohifadhi. Umeandika services, programu yako imeongeza txt mwishoni. Sasa humu mna mafaili mawili, la kweli na la kwako. La kwako mashine hailisomi hata siku moja."

"Mbona silioni hilo txt, sista?"

"Halionyeshwi mpaka uliombe. Nilikuonyesha."

"Ulinionyesha," Desmond alikubali, akatazama viatu vyake.

"Na kwa nini unaandika Abena? Nani kakutuma?"

Hapo kijana akaondoa mikono kwenye kibodi. Araba akamtazama, akanitazama mimi, akateremka ngazi bila kuaga. Nikamfuata. Alifungua lile faili la seva, akatelezesha kidole kwenye skrini mpaka kwenye mstari wake. Palipokuwa na Araba palikuwa na Abena.

"Hawa watu," alisema taratibu. "Dada, hawa watu wamefuta jina kwenye faili, halafu kanzidata yenyewe hawakuiambia. Imeamka imetafuta Araba. Haikumwona. Ikakaa ndani, haikufungua mlango wowote. Kompyuta zenu zinabisha kwenye namba sahihi kabisa, ila hakuna wa kufungua."

Nilidhani atafuta ule upuuzi. Hakufuta. Katika faili hilo, kumbe, mlango mmoja unaweza kuwa na jina na lakabu kwenye mstari mmoja. Akaliacha Abena mbele, akaandika Araba nyuma yake. Akaiwasha upya kanzidata. Juu nikasikia dirisha langu linalia ule mlio wa kufunguka, na yule mzee wa kisukari akaitwa.

"Kwa nini umewaachia jina lao?" nilimwuliza kwa hasira.

"Kwani jina linanidai nini? Wakitafuta Abena watafika, wakitafuta Araba watafika. Wagonjwa wanataka dawa."

Mimi nilitaka mtu apigwe kofi.

Ijumaa kamati ikakaa, mwenyekiti wake Mchungaji Owiredu. Niliitwa kueleza hasara ya famasia, ndiyo maana niliyaona kwa macho yangu. Bwana Ofosuhene alisimama na suti yake, akasema kwa huzuni ya kujitia kwamba kaimu mkuu wa kitengo aliwasha mashine ovyo bila kibali, mashine ikafa, na wagonjwa wakataabika. Hakutaja malta. Hakutaja pai.

Araba akaeleza. Akaeleza vizuri, polepole, kama alivyonieleza mimi: jina lilibadilishwa Jumatatu, umeme ukakatika Jumatano, ndipo kosa likaonekana. Mchungaji akamwuliza ana ushahidi gani. Akasema faili lenyewe linaonyesha liliguswa Jumatatu, naye alikuwa Saltpond.

"Tarehe ya kompyuta!" Bwana Ofosuhene akacheka. "Mchungaji, huyu ndiye mwenye funguo zote za hizo mashine. Anaweza kuandika kwamba faili liliguswa siku ya Krismasi."

Basi Araba akawageukia watu. Walikuwemo mle karibu wote waliopiga makofi, wamekaa kwa vyeo.

"Desi, nani aliandika?"

Desmond akakohoa. "Mimi... sikumbuki niliandika nini hasa, sista."

"Mkuu wa maabara, ulikuwepo?"

"Nilipita tu. Nilichukua kinywaji, nikaondoka."

"Maame Pokuaa?"

Maame Pokuaa alikuwa ameinamia simu yake. "Mimi mambo ya kompyuta yananipita, Abena. Mimi nilikuja kula pai."

Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha kujikosha. Nikasimama nikasema nilihadithiwa yote na Maame Pokuaa huyuhuyu, na pai yangu nililetewa kwa mkono wake.

"Wewe mwenyewe ulikuwepo?" Mchungaji akaniuliza.

"Sikuwepo, lakini..."

"Basi keti, dada yangu."

Nikaketi. Ni watu wa Mungu hao, wote wana viti vyao kanisani. Nimesafisha vidonda vyenye funza, na funza ana haya kuliko wao, maana ukimmulika hujificha.

Kisha ikaja ile iliyonitapisha kabisa. Mchungaji Owiredu akavua miwani, akasema kwa sauti ya upole kwamba hapa hakuna anayemchukia mtu. Binti yetu ni mchapakazi, kila mtu anajua. Akubali tu kwamba aliteleza, kosa dogo la kibinadamu, iandikwe hivyo kwenye taarifa ya kikao, mkurugenzi asiaibike mbele ya bodi. Na kamati leo hii itamthibitisha kwenye kiti chake. Bwana Ofosuhene akatikisa kichwa kukubali. Walikuwa wamekwisha panga. Walijua nani kakosa, wote, pamoja na mwenyekiti. Walitaka tu mtu wa kulibeba kosa, na malipo ya kulibeba yalikuwa haki yake mwenyewe.

Maame Pokuaa akamkonyeza: kubali, kubali.

Mikono ya Araba ilikuwa mezani, na niliona vidole vinacheza kama viko kwenye kibodi.

"Mtaandika nini?" aliuliza.

"Kwamba kuwasha kwako ndiko kulikoharibu. Basi."

"Mchungaji, mkiandika hivyo, umeme ukikatika tena watu wataogopa kuwasha. Watakaa gizani wakisubiri kibali. Na atakayekuja baada yangu atasoma taarifa hiyo, atatafuta kosa mahali ambapo halipo. Wagonjwa watakuwa wamelala chini, yeye anatafuta." Akavuta pumzi. "Siwezi kuandikiwa hivyo. Niandikieni kitu kingine. Andikeni nina kiburi."

"Abena, usiwe mkaidi," akasema Bwana Ofosuhene.

"Andikeni na hilo."

Wakaliandika kweli. Utovu wa nidhamu, kukaidi ushauri wa kamati. Kiti akapewa Desmond, na Mchungaji akafunga kwa sala.

Araba hakuacha kazi. Ana mama yake Saltpond na mwana shuleni, na kenkey hainunuliwi kwa heshima. Yuko palepale kwenye kitengo, meza ya pembeni. Desmond ni bosi wake, anamwita sista, na kila mashine mpya ikiletwa anakuja na viatu vyake vinavyong'aa kumwuliza lile faili la Windows liko wapi tena. Araba anamwambia. Mimi ningemwacha azunguke mpaka azeeke.

Juzi Maame Pokuaa alikuja dirishani kuchukua dawa yake ya presha. Mashine ilifunguka mara moja, nikaliona jina lake, nikaanza kuhesabu vidonge.

"Siku hizi ni haraka kweli," alisema. "Mungu ambariki Desmond."

Nikamwambia Desmond hajagusa kitu. Nikamwambia ni ule mstari wa Araba. Nilimwambia kwa sauti watu wa foleni wasikie, na nikaongeza mengine ambayo hayafai kuandikwa, kuhusu pai na watu wanaouza rafiki kwa malta. Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliegemeza viwiko vyake kwenye kaunta, akanitazama kama mtu aliyechoka.

"Serwaa, mimi nina mkopo na watoto watatu. Ofosuhene ndiye anayesaini. Ningefanyaje? Na yeye naye, si alikuwa akubali tu? Neno moja, angekuwa mkuu leo, angetusaidia sote. Hebu niambie ukweli wa Mungu. Wangekuwekea wewe kiti hicho mbele yako, kwa neno moja tu, ungekataa?"

Nilifungua kinywa kumwambia ningekataa. Foleni ilikuwa inasikiliza. Nikakifikiria kiti changu mwenyewe, na barua ya kupandishwa cheo niliyoiomba, ambayo ipo mezani kwa Bwana Ofosuhene, na jinsi nilivyoketi haraka Mchungaji aliponiambia niketi.

Nikafunga pakiti ya vidonge, nikamsukumia. Nikamwambia anywe kimoja asubuhi, baada ya kula.